Mwalimu Kisogo

Watoto ni hodari wa kupachika watu majina, na yule mwalimu wa hisabati walimpachika moja likamganda: Mwalimu Kisogo. Chanzo chake kinachekesha. Miaka yote mama huyu alifundisha akiwa ameelekea darasa, kama walimu wote wa duniani, hadi siku alipogundua kwamba wanafunzi wake hawasomi hisabati, wanamsoma yeye. Mtoto akisimama ubaoni, chaki mkononi, macho yanamwendea mwalimu. Nyusi zikipanda, anafuta. Mwalimu akikohoa, anafuta. Mdomo ukilegea kidogo tu, anaandika upesi kabla bahati haijageuka. Darasa zima lilikuwa limehitimu uso wa mwalimu, na pembetatu hawaijui.

Basi mwaka ule akakata shauri. Akaandika swali ubaoni, akabeba kiti chake mpaka nyuma kabisa ya darasa, akakipenyeza kati ya kabati la vitabu na ukuta, akakaa amewapa mgongo.

"Usoni mwangu hamna jibu," akawaambia. "Bishaneni. Mkishakubaliana, na mkajua kwa nini mmekubaliana, niiteni nije. Kabla ya hapo mtu asije huku kunichungulia."

Wiki za kwanza zilikuwa msiba. Wapo waliolia. Mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza kama ni kweli mwanawe anafundishwa na kisogo. Mkuu wa shule, bwana aliyependa mambo yaende kwa mstari, alimwita mwalimu ofisini akamwambia kwamba mtihani ukiharibika, lawama zote atazibeba yeye peke yake. Lakini mama yule alikuwa kichwa ngumu. Akiulizwa swali alijibu, "Wewe unaonaje?" au hakujibu kabisa. Na watoto, kama walivyo watoto, wakazoea. Wakajua kwamba mwalimu akinyamaza hakuna kilichoharibika, ni kazi imeanza. Hilo lishike vizuri, maana ndilo nusura limuue.

Asubuhi yenyewe aliwachorea duara na mstari unaoligusa pembeni, akawaachia swali, akaenda zake kukaa. Chaki alikuwa nayo bado mkononi. Nyuma yake aliwasikia wakianza. Kulikuwa na kijana waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima, naye kama kawaida alikuwa ameshapata jibu kabla ya kusoma swali. Na kulikuwa na msichana waliyemwita Wakili, mwembamba, mwenye sauti ya polepole, ambaye hakubali kitu mpaka umpe sababu, na ukimpa sababu anataka sababu ya sababu. Mwalimu alitabasamu peke yake ukutani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hawa wawili wakianza kuvutana darasa lote linapata faida.

Chaki ikaanguka.

Akainama kuiokota. Au tuseme aliamua kuinama, maana mwili haukwenda. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani na alipouita haukuja. Akautazama. Ulikuwa mkono wake, na pete yake, na vumbi la chaki kwenye kucha, lakini ulikuwa umelala pale kana kwamba mtu mwingine ameusahau.

Mwanzo hakuelewa. Kisha akaelewa, na hofu ikamshika ambayo hajawahi kuijua tangu azaliwe. Mama yake mzazi alianza hivihivi. Kijiko kilimponyoka mezani, wakacheka wote, na mama naye akacheka, kwa nusu ya uso. Walidhani amechoka, wakamlaza apumzike. Alipumzika miaka, akiwatazama wanawe bila neno hata moja, mpaka Mungu alipomchukua. Daktari aliwaambia, walipompeleka hatimaye, kwamba mngemleta mapema ingekuwa habari nyingine. Ugonjwa huu wa kiharusi, alisema, hupona anayewahi.

Wahi basi, mwalimu akajiambia. Ita watu.

Akafungua mdomo. Upande mmoja ulifunguka, upande wa pili ukabaki palepale. Ulimi ulikuwa mzito, umejaa kinywa kizima. Alitaka kusema "nisaidieni", neno alilokuwa akilisikia wazi kabisa kichwani, na kilichotoka kilikuwa mguno.

"Mmh."

"Kaguna," Redio akasema. "Maana yake tumekosea. Futa hiyo."

"Kaguna ni kaguna," Wakili akamjibu. "Usimsome mwalimu. Soma ubao."

Lahaula. Maneno yake mwenyewe hayo, aliyowaimbia mwaka mzima, na sasa yanarudi kumzika. Akajaribu kuanguka, ndiyo, kuanguka, maana mtu akianguka watu hukimbia. Lakini kabati lilikuwa limembana kushoto na ukuta umembana kulia. Kiti alichokichomeka mwenyewe ili asigeuke kilikuwa kimemshikilia wima, barabara, kama mwalimu mwenye afya njema anayesubiri wanafunzi wake wafikiri.

"Mwalimu," sauti ya mtu wa mbele ikaita, "turuhusiwe kuongeza mstari mmoja kwenye mchoro?"

Kimya.

Darasa likacheka. "Umesahau uko kipindi gani? Kisogo hakina mdomo."

Alicheka hata yule aliyeuliza. Mwalimu aliyasikia mate yakimtoka pembeni mwa mdomo, yakimwagikia kola ya blauzi, na hakuwa na namna ya kuyazuia. Aliona haya, ndiyo, hata pale. Lakini haya ilikuwa ndogo. Kikubwa kilikuwa hofu, na hofu ilikuwa na picha: chumba cha mama, pazia lililofungwa, macho yale yanayotembea kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine yakiomba kitu ambacho hakuna aliyekijua.

Nyuma yake kazi ilikuwa inanoga. Kwa siku nyingine yoyote angefurahi mpaka aimbe. Walichora mstari kutoka katikati ya duara. Wakabishana kama pembe ile ni pembe mraba kweli au inaonekana tu. Redio, kwa mara ya kwanza maishani, alisema, "Ngoja, sina uhakika." Wakawa wanaulizana, wanarekebishana, wanangojana. Walikuwa vilevile alivyomwomba Mungu wawe. Hawakumhitaji hata kidogo, na yeye alikuwa akiwahitaji kuliko pumzi.

Geukeni, aliwaambia moyoni. Wanangu, angalieni huku. Mtu mmoja tu awe mtundu.

"Tumekubaliana," hatimaye Wakili akasema. "Mwalimu, tumekubaliana. Njoo."

Sasa, akafikiri, sasa wataona. Kanuni ilikuwa hiyo: wakimwita anakuja.

Kisha Redio akasema, kwa sauti ya mtu aliyeelewa fumbo, "Hajageuka. Basi jibu si sahihi. Anatupima. Tuanze upya."

Na wakaanza upya, jamani. Mwalimu aliisikia chaki ikigonga ubao toka mwanzo, duara, mstari, pembe, hatua kwa hatua, hawakuruka hata moja kwa sababu yeye ndiye aliyewakataza kuruka. Machozi yakamtoka jicho moja. Ganzi ilikuwa imepanda begani na mguu wa kulia ulikuwa umekwenda nao. Taa za kichwani zilianza kufifia. Akawaza mume wake, ambaye saa hiyo yuko kazini na hajui lolote. Akawaza kwamba kengele italia, watoto watakusanya vitabu, watasema "kwaheri mwalimu" kwa kisogo chake, na watatoka kwa adabu.

Chaki ikanyamaza.

"Jibu ni lilelile," mtu akasema.

"Basi tutafute tulipokosea."

"Hatujakosea," Wakili akasema.

"Mbona hageuki?"

"Ndiyo nauliza na mimi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tumelifanya mara mbili. Kila hatua ina sababu yake. Jibu ni sahihi, nina hakika, hata yeye mwenyewe akikataa nitambishia. Sasa kama jibu ni sahihi, na mwalimu hageuki, basi kilichoharibika si jibu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akasikia kiti kikisukumwa, na hatua zikija, kisha zikasimama karibu na kabati.

"Amekataza kuchunguliwa," Redio akanong'ona. "Utafukuzwa we."

Msichana alikuwa anaogopa, ilisikika kwenye pumzi zake. Mwalimu alimsikia akivuta hewa.

"Mwalimu, nikikosea nisamehe," akasema, akajipenyeza kati ya kabati na ukuta, akamtazama usoni.

Hakupiga kelele. Alimtazama jicho hili, akatazama lile, akatazama mate kwenye kola, akatazama mkono, akaushika akauachia, ukadondoka pajani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Redio, kimbia kamwite Mkuu, na dereva wa gari la shule alete gari mpaka mlangoni. Usimweleze mtu mwingine njiani, utachelewa. Wengine sogezeni kabati. Mdomo wake umekwenda upande."

Wakasogeza kabati. Wakamtoa kitini mikono mingi kwa pamoja, wakamlaza sakafuni kwa ubavu juu ya masweta yao. Kulikuwa na msichana analia kimyakimya huku akimshikilia kichwa. Wote walikuwa wanatetemeka, na wote walikuwa wanafanya kitu.

Mkuu wa shule akaja mbio, tai imemkaa begani, na glasi ya maji mkononi.

"Pisheni, pisheni. Kaeni kwenye viti vyenu. Mnyanyueni kichwa, anywe maji kwanza apate nguvu."

Mwalimu aliiona glasi ikishuka kumwelekea, na hofu mpya ikaipanda ile ya kwanza. Koo lake halikuwa lake tena. Maji yale yangekwenda kuliko na pumzi.

"Asipewe, Mkuu," Wakili akasema.

"Nini?"

"Mate yake mwenyewe hawezi kuyameza. Ona. Maji atayameza vipi?"

"We mtoto, mimi ndiye ninayesema hapa." Lakini maji yalikuwa yanamwagika kwenye glasi yake. Akamtazama mwalimu usoni kutafuta neno. Na watoto nao, wote, wakamtazama usoni mwalimu wao. Nusu ya uso ilikuwa imekufa na nusu iliyobaki ilikuwa woga mtupu. Hapakuwa na nyusi za kupanda wala mdomo wa kulegea.

Wakili akaweka kiganja chake juu ya glasi. "Samahani, Mkuu. Hapana."

Bwana yule, ambaye hajawahi kuambiwa hapana na mwanafunzi, akaweka glasi sakafuni, akakunja mikono ya shati, akamshika mwalimu miguu. "Haya, tumbebe," akasema.

Hospitali walipokelewa na daktari kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, ambaye kabla hata ya salamu aliuliza, "Imeanza lini?"

"Sasa hivi tu, daktari," Mkuu akajibu haraka. "Tumemleta palepale."

"Si sasa hivi," Wakili akasema. Mkuu akamgeukia kwa jicho lile la kumwambia mtu anyamaze, lakini hakunyamaza. "Chaki ilimwanguka tukiwa ndiyo kwanza tunachora duara. Niliisikia. Tukamaliza swali zima. Akawa hageuki, tukalifanya lote tena. Ndipo nikaenda kumwangalia."

Daktari akaangalia saa yake, akampigia kelele muuguzi alete kitanda cha magurudumu. Wakamlaza mwalimu. Wakati wanamfunga mikanda, msichana akamwinamia sikioni.

"Mwalimu," akasema, "tulichelewa?"

Mwaka mzima angemwambia, wewe unaonaje? Sasa angetoa kila alichonacho duniani apate neno moja la kumpa mtoto huyu. Alitaka kumwambia kosa si lako. Alitaka kumwambia mimi ndiye niliyekichomeka kiti kile. Akalikusanya neno kwa nguvu zake zote, akalisukuma.

"Mmh," kikatoka.

Msichana akamtazama. Mwalimu aliogopa atachukua mguno ule kuwa ndiyo, aende nao nyumbani, alale nao, azeeke nao. Lakini mtoto hakuuchukua kuwa ndiyo wala hapana. Akampapasa shavu lililolala, akasema, "Usijilazimishe," akanyanyuka, akamfuata daktari.

"Daktari, tulichelewa?"

Daktari alikuwa na majibu matamu mengi, ya kuwapa jamaa wa wagonjwa mlangoni. Alimtazama yule mtoto na sare yake yenye vumbi la chaki, akayaacha.

"Mmechelewa," akasema. "Si sana. Nikishampiga picha ya kichwa, kama ni damu imeganda, kuna dawa bado naweza kumpa. Mngelifanya swali lenu mara ya tatu, labda nisingeweza. Mguu nadhani utarudi. Maneno, sijui."

Machozi yakamshuka msichana, wala hakuyafuta. Mkuu wa shule akamwekea mkono begani. Kitanda kikaanza kusukumwa kuelekea mlango wa ndani, na daktari akawa anakwenda nacho, na msichana naye akaongeza mwendo kandokando yao.

"Yasiporudi yenyewe," akauliza, "anafundishwaje upya?"

Na mwalimu, akisukumwa huku hofu imemkaa kifuani haijatoka, akatega sikio na yeye alisikie jibu.