Muhuri Juu ya Miti

Vumbi la Patagonia halibishi hodi. Linapita chini ya mlango, linapanda mezani, linakaa juu ya siagi kama mwenye nyumba. Asubuhi ya Sikukuu ya Kutua, Gwilym Ellis alilifuta kwa kiganja, likarudi. Akalifuta tena, likarudi.

Miaka mia imetimia tangu Wawelshi, watu wa Wales huko Ulaya, washuke melini na kuanzisha koloni lao katika bonde la Chubut, kusini mwa Argentina. Leo inatoka stempu ya ukumbusho, na yeye, mtoto wa mwisho aliyebaki wa wale walioshuka, ndiye atakayeigonga muhuri wa kwanza. Kipupwe kizima amelala na heshima hiyo kifuani, kama mtu aliyelala na jiwe la moto.

Akaingia Rufina Manquel na mkate wake. Rufina ni Mtehuelche, wa kabila la wenyeji waliokuwa hapa na mahema yao kabla ya meli, jirani, mwenye kiti katika meza hiyo kila sikukuu, kama mama yake, kama bibi yake. Bibi yake ndiye aliyewaletea wageni nyama ya guanako, mnyama wa nyika afananaye na ngamia mdogo, katika baridi ile ya kwanza, walipokuwa wakichemsha maji matupu ili watoto wasikie sauti ya chungu. Wao wakampa mkate. Tangu siku ile mkate wa sikukuu huliwa pamoja.

Rufina akaitazama stempu. Meli, watu wenye kofia, na nyuma yao mstari wa miti mirefu ya kukinga upepo.

"Miti hii si mliipanda ninyi, Mzee Gwilym?"

"Mchoraji ni mtu wa mjini, mwanangu. Alidhani ilikuwapo tangu mwanzo."

"Kaipanda juu ya hema la bibi yangu." Hakupandisha sauti. "Na hotuba inasemaje?"

Gwilym akamsomea maneno aliyopewa na watu wa posta: walitua katika nchi isiyo na mtu.

Rufina akaufunga mkate tena katika kitambaa. "Basi ukiyasema hayo, mkate wangu nitaula kwangu. Leo, na mwakani, na siku zote."

Vumbi halibishi hodi. Lilimtangulia Gwilym hadi ukumbi wa kanisa, likaketi kabla yake.

Mabirika ya chai yalitoa mvuke. Stempu ikapita mkono kwa mkono, na Ifor, mkulima wa ng'ambo ya mfereji, akaangua kicheko. "Kumbe wazee wetu walishuka na msitu begani! Gwilym, baba yako alibeba miti mingapi?"

Watu wakacheka. Gwilym hakucheka. Kule nyuma, karibu na mlango, Rufina alikuwa amekaa na kitambaa mapajani, fundo bado limekaza.

Afisa wa posta akamsogezea wino. "Maneno ni yaleyale, mzee. Usiongeze, usipunguze."

Mkono ukapanda. Upepo ukapiga bati. Mkono ukabaki juu.

Neno moja ni zito kiasi gani? Ni jepesi kuliko vumbi, ewe Gwilym, liseme upigiwe makofi, liseme jina lako lisomwe mjini. Lakini chungu kile kilichemka maji matupu. Lakini mtoto mmoja aliyekisikiliza alikuwa baba yako.

Mkono ukashuka. Muhuri ukatua juu ya miti, mweusi, mviringo, ukaifunika yote.

"Hapa," alisema Gwilym, "hapa palikuwa na hema. La bibi yake Rufina. Tulikuta watu. Tulikula kwao."

"Hayo hayamo, mzee," afisa alinong'ona.

"Najua. Karatasi yako nimeisoma mara nyingi kuliko wewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Ifor aliweka kikombe chini polepole. Gwilym, muhuri mkononi, hakuthubutu kutazama mlangoni.

Ndipo akasikia ganda la mkate likivunjika.

Rufina akapita katikati ya viti, akamwekea kipande kando ya wino. Mlango aliouacha nyuma yake ukafunguka kwa upepo, na vumbi likaingia kama kawaida yake, bila hodi, likapanda mezani, likatua juu ya stempu, katika wino mbichi, pale palipokuwa na miti. Likanata.

Gwilym hakulifuta.