Viatu vya Daktari

Bibi fundi cherehani hakuwa ametunga uzi kwenye sindano kwa miaka miwili. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, na cherehani imefunikwa shuka sebuleni. Basi madaktari wa macho waliposhuka kisiwani na masanduku yao, watu wote walimsubiri yeye aamue kwanza. Akikubali, wangepanga foleni. Akikataa, wageni wangerudi mikono mitupu.

Sababu ya kukataa alikuwa nayo. Miaka mitatu nyuma walikuja wengine, wakampasua kaka yake, wakamfunga bandeji, na alfajiri wakapanda boti wakaenda zao. Mke wa kaka ndiye aliyeifungua, kwa kubahatisha tu, na jicho likaharibika.

"Nitapasuliwa," fundi alimwambia daktari mkuu, mwanamke wa makamo, "lakini viatu vyako vitalala kwangu, mwanangu. Hutapanda boti pekupeku."

Darasa lililogeuzwa chumba cha upasuaji likaangua kicheko. Daktari hakucheka. Aliinama, akafungua kamba, akamkabidhi vyote viwili, na hakuwa na vingine.

Kisiwa kikachangamka! Jioni watu walitoka milangoni kumtazama daktari akipita barabarani peku, akirukaruka kwenye kokoto. Fundi alilala na jicho moja limefungwa na viatu vimebanwa kwapani.

Alfajiri boti ikapiga honi. Fundi akaketi kitako, akavibana viatu zaidi. Honi ikalia mara ya pili. Ndipo akasikia nyayo tupu zikija taratibu kwenye sakafu yake, naye akacheka peke yake kwa furaha.

Bandeji ikatoka. Mwanga! Akaona uso wa daktari, akaona miguu iliyojaa vumbi, halafu akavitazama vile viatu.

"Hivi ndivyo viatu nilivyovilinda usiku kucha? Soli imeachia."

Akaagiza sindano. Uzi ukapita mara ya kwanza, na vigelegele vikalipuka dirishani. Alishona palepale, kisha akamnyooshea daktari viatu vyake.

Mkono mwingine ukavidaka. Alikuwa wifi yake, yule aliyefungua bandeji ya mumewe, naye sasa macho yake yalikuwa na ukungu.

"Bado," alisema, akivikumbatia. "Leo vinalala kwangu."

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshafika barabarani, na daktari alimaliza wiki nzima pekupeku.