Gitaa la Upande wa Kulia

Spika yetu inakaa chooni. Wageni hucheka, lakini spika ya muziki wa metali ikifunguliwa sawasawa huangusha vikombe, na choo ndicho chumba pekee cha studio chenye kuta nene. Tumeizungushia mablanketi, tumeiwekea maikrofoni mdomoni, na mwenye haja avumilie mpaka wimbo uishe. Mpiga dramu wetu hunywa chai kama ngamia halafu analalamika. Shauri yake.

Mimi ndiye fundi wa sauti. Kaka yangu ndiye mpiga gitaa, au ndiye aliyekuwa. Sijui tuseme vipi siku hizi. Mchana anachomelea mageti, na juzijuzi grinda ilimponyoka ikamkata mkono wa kushoto. Kidonda kimefunga vizuri, daktari alikisifia kama fundi cherehani anayesifia mshono wake mwenyewe, ila mishipa ya fahamu imekatika. Vidole vinakunjika nusu, na kiganja chote kina ganzi. Ukikichoma sindano anakutazama tu, akisubiri umalize.

Watu waliniambia lia, utapata nafuu. Sikulia. Tangu siku ile hata mimi nina ganzi, ila yangu haina kidonda cha kumwonyesha daktari. Nakula, nalala, nakunja nyaya.

Albamu ilibaki wimbo mmoja, tena nusu. Gitaa la metali hupigwa mara mbili: wimbo uleule, mtu yuleyule. La kwanza unalipeleka sikio la kushoto, la pili la kulia. Hakuna binadamu anayeweza kupiga sawasawa mara mbili hata akijiapiza, na tofauti hizo ndogo ndizo zinazoipanua sauti, ukuta huku na ukuta huku, wewe katikati. Kaka alikuwa amepiga la kushoto tu. Nikanakili la kushoto nikalipeleka kulia, na kuta zote mbili zikaja kukutana puani. Nikaichelewesha nakala kidogo, nikaivuta, nikaichezea jioni nzima. Ua la plastiki hata ulimwagilie maji halinukii.

Ndipo mpiga dramu akamleta jamaa mmoja tunayemwita Mashine, kwa sababu hakosei. Kweli hakukosea. Tatizo ni kwamba kaka hukamata nyuzi kama anakamata koleo, kila noti inapanda kidogo kabla ya kutulia, na Mashine anazigusa kama anampima mtoto homa. Nilipoyaweka magitaa pamoja, yalikuwa kama mke na mume waliogombana wakalazimishwa kupiga picha.

"Mimi naona nipige pande zote mbili," Mashine alisema kwa adabu. "Itakuwa safi."

Mpiga dramu akaangalia kikombe chake. Kaka alikuwa kwenye kochi, mkono wake wa kushoto mapajani kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie.

"Futa," kaka akasema.

"Nifute nini?"

"Langu. Mpe pande zote."

Alisema kwa sauti ileile anayoombea maji ya kunywa. Wimbo huo aliutunga yeye, ndio wa mwisho mkono ule ulioupiga ukiwa mzima, na nikilifuta hakuna tena. Hasira zikanipanda. Nilizikaribisha, maana angalau zilikuwa kitu. Nikamwambia Mashine asante sana, mlango anaujua.

"Mkono wa kulia una nini?" nikamuuliza kaka.

"Hauna kitu."

"Basi njoo."

Asiyejua hudhani gitaa ni mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio unaokimbia. Kwenye metali ukali uko kulia: namna unavyolaza ubavu wa kiganja ukazikaba nyuzi huku unazipiga, zikohoe badala ya kuimba. Huo hauigwi. Kushoto, kwa vile kaka amelegeza uzi mnene ukashuka, kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi tatu kinatosha. Mimi si mpiga gitaa. Lakini nimemtazama kupitia kioo albamu nzima, na najua kila kidole chake kinakwenda wapi na kwa nini. Nikamwambia yeye awe mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

"Wewe?" akasema.

"Mimi."

"Sasa hii ni bendi au mbio za magunia?" mpiga dramu akauliza.

"Wewe kunywa chai."

Kwanza tuipate sauti. Kaka ana mtihani wake wa siku zote: anapiga nyuzi tupu kwa mkono wa kulia, anakilaza kiganja cha kushoto juu ya sanduku la spika, nami namuuliza, "Inawasha?" Kiganja kisipowasha, haturekodi. Safari hii kiganja kilikuwa changu. Tulibanana chooni, yeye akapiga, nikaweka mkono.

"Inawasha?" akauliza yeye.

"Inatetemeka tu."

"Basi bado. Punguza mkwaruzo, ongeza sauti."

Wanaoanza hukizungusha kitufe cha mkwaruzo mpaka mwisho wakidhani ndio ukali, kumbe unameza kila kitu. Nikapunguza. Akapiga tena, na kiganja kikawasha mpaka kwenye kiwiko. Nikahisi kitu kinakuja kifuani, nikakisubiri, kikarudi kilikotoka.

"Inawasha," nikasema.

Tukakaa kwenye benchi bega kwa bega, gitaa pajani kwake, mkono wangu wa kushoto shingoni mwa gitaa. Mkono wake wenye ganzi haukuwa na pa kukaa, akaupitisha nyuma ya mgongo wangu.

"Bonyeza," akasema.

"Nabonyeza."

"Unabembeleza. Bonyeza kama limemtukana Mama."

Mama yetu ni mmoja, kwa hiyo nikabonyeza. Nikawahi, nikachelewa, nikakosa, tukarudia. Alinitukana kwa upole, nikamtukana bila upole. Tulirudia hadi mpiga dramu akaacha kuhesabu vikombe, na hatimaye tukafika mwisho wa wimbo bila mmoja wetu kumkanyaga mwenzake.

"Vidole vipi?" akauliza.

"Sivisikii kabisa."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. Sikuwa nimekisikia tangu grinda.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikaliweka lake la zamani kushoto na letu kulia, nikafungulia spika kubwa za mezani. Kuta zikasogea, moja huku, moja huku. Lile la kulia lilipanda kidogo kwenye kila noti, kisha likatulia, kama lile la kushoto lakini si lilelile. Mpiga dramu akaweka kikombe chini. Mimi nilijua ni zuri, kama mtu anavyojua leo ni Jumanne.

Kaka akainuka, akaenda kwenye spika ya kulia, akakilaza kiganja chake cha kushoto juu ya sanduku.

"Inawasha?" nikamuuliza, kwa mazoea tu.

Akakikandamiza zaidi.

"Hapana," akasema.

Wimbo ukaendelea. Hakuuondoa mkono. Nikanyoosha kidole nizime, kwa kuwa nilishindwa kuendelea kuutazama.

"Acha iishe," akasema. "Na lile la kushoto usilifute."