Tarakimu Moja kwa Kila Kijiji

Watu wa Namkuku walikuwa wakiishi kilimani, pakavu, na sikumbuki kuwasikia wakilalamika. Ilipokuja operesheni ya vijiji, ofisi yetu ya Mtwara ikawashusha hadi ukingoni mwa Ruvuma, karibu na pale mto unapokutana na bahari, kwa sababu kwenye ramani nyumba zao zilikuwa zinaharibu mstari. Walikuwa watu mia moja na nne. Najua, kwa kuwa orodha niliipiga chapa mimi, jina kwa jina.

Walipokwisha kushushwa ndipo mtu mmoja alipouliza mto ukifurika itakuwaje. Jibu lilitoka upesi: wataruhusiwa kupanda kilimani, lakini kwa kibali. Familia tatu zilizopanda bila kibali zilichomewa vibanda vyao huko juu, kwa ajili ya maendeleo yao wenyewe. Tangu hapo Namkuku walijifunza kusubiri.

Mimi Zuhura nilikuwa mtunza redio ya upepo, ile ya kuitana na vijiji. Kila asubuhi nilipokea vipimo vya mto kutoka vijiji viwili. Pale Namkuku palisimikwa nguzo yenye alama sitini, na maji yakifika alama ya arobaini, kibali kinatoka. Mpimaji alikuwa Zeferino, Mmakonde wa ng'ambo ya mto aliyevuka na mama yake na watoto wakati wa vita vya Mreno. Juu kidogo ya mto, kijiji cha Mitoloni, palikuwa na nguzo ya aina ileile, na mpimaji wake alikuwa Bi Mwanahawa, mjane mwenye sauti ya kusikika hata bila redio. Katikati yao ni mikoko na matope ya kufika magotini. Miaka miwili walipima mto mmoja na hawakuwahi kuonana.

Shida yetu ilikuwa betri. Mitoloni walitumia betri ya trekta la kijiji, ambalo lenyewe halikuwa na matumizi nayo. Namkuku walikuwa na betri kavu zilizochoka mtu akishataja jina lake. Zeferino alikuwa akisema "ishirini na…" kisha kimya hadi kesho.

Siku moja nilikaa na daftari la vipimo nikaona kitu kilichokuwa wazi tangu mwanzo. Mto ni mmoja. Siku nyingine Namkuku maji yalizidi ya Mitoloni, kwa kusukumwa na bahari, siku nyingine yalipungua, lakini tofauti haikuvuka alama nne hata siku moja. Basi nikamwambia Zeferino asihangaike na namba nzima, anipe tarakimu ya mwisho tu. Bi Mwanahawa akisema thelathini na mbili, na Zeferino akasema tisa, mimi naandika ishirini na tisa, maana hakuna namba nyingine inayoishia na tisa iliyo jirani na thelathini na mbili. Hawakuhitaji kushauriana. Ilitosha kwamba mimi niliwasikia wote wawili. Betri za Namkuku, zilizokuwa zikiisha kwa mwezi, sasa zilikaa minne.

Mtaalamu mmoja mgeni alipita kukagua mitambo, akaliona daftari langu akacheka mpaka akavua miwani. Alisema wasomi wa kwao wamelithibitisha jambo hilo juzijuzi tu kwa hesabu za kujaza ubao. Kisha akanionya. Kinachojulikana kwa mmoja kinaweza kumpunguzia mwingine maneno, alisema, ila mzigo wa wawili kwa pamoja una kiwango chake, na ukishuka chini ya hapo hakuna uganga wa kuyarudisha yaliyopotea. Nililiandika hilo kwenye jalada la daftari.

Laiti ningelificha daftari. Mgeni alinisifu mbele ya Ndugu Mikaeli, Mratibu wetu wa Taarifa, mtu aliyekuwa na kalamu tatu mfukoni na moja tu yenye wino. Ndugu Mikaeli hakuweza kuona sifa ikipita mlangoni asiikaribishe ndani. Wiki iliyofuata aliitisha mkutano, akatuuliza kwa uchungu kabisa ni kwa misingi gani kijiji kimoja cha ujamaa kinasema tarakimu mbili na kingine moja. Huo ni unyonge kwa Namkuku na ukabaila kwa Mitoloni, alisema. Na kama tarakimu moja ya kijiji kimoja imeokoa betri nyingi hivyo, tarakimu moja ya kila kijiji itaokoa mara mbili.

Nilinyoosha mkono. Nilieleza kwamba Zeferino anaweza kusema kidogo kwa sababu Bi Mwanahawa anasema chote. Wakisema kidogo wote wawili, nitabaki na mikia miwili bila ng'ombe. Watu walicheka. Ndugu Mikaeli aliandika jina langu pembeni mwa karatasi yake, kwa ile kalamu yenye wino.

Waraka ukatoka, nakala tisa. Bi Mwanahawa, ambaye hajui kumezea, alitaja namba nzima siku ya kwanza akaandikiwa barua ya onyo; angerudia, kazi angepewa mwingine. Kitu kimoja tu waraka haukukigusa, nacho ni salamu. Hata Ndugu Mikaeli, mzaliwa wa Mikindani, asingethubutu kutia sahihi karatasi inayomkataza mtu kumjulia mwenzake hali. Mama yake angemkana.

Wakati wa kiangazi mambo yalikwenda. Mto haukuwa na haraka, nami nilikisia ya leo kwa kutazama ya jana. Ndugu Mikaeli alichora chati ya mafanikio akaibandika juu ya redio yangu, akaanza kuzungumza kuhusu kuwapa vijiji nusu tarakimu.

Kisha zikaja mvua. Mto uliokuwa ukipanda alama tano kwa wiki ulianza kupanda kumi kwa siku moja, na ya jana ikawa haina msaada wowote kwa leo. Asubuhi ya siku ya tatu Zeferino aliita. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na nyuma yake nilisikia mbuzi wakilia.

"Moja," alisema, kisha akakatika.

Moja ya nini? Ishirini na moja ni mto wa kawaida. Thelathini na moja ni mto wenye hasira. Arobaini na moja ni watu mia moja na nne ndani ya maji, wanaongoja karatasi. Niliita Mitoloni.

Bi Mwanahawa aliitika. "Nane," akasema. Ndugu Mikaeli alikuwa amesimama nyuma yangu, kwa hiyo sikuweza kumwuliza kitu. Na Bi Mwanahawa nadhani alijua kuna mtu nyuma yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na wajukuu wangu wanakusalimu. Wote watatu. Nimesema watatu, umesikia?"

Bi Mwanahawa hakuwa na mjukuu. Hakujaliwa hata mtoto, na hilo lilikuwa donda lake. Waliolichezea huko Mitoloni walijuta. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe, na asubuhi ile yeye alieleka matatu, hewani, mbele ya mkoa mzima. Nilimjibu kwamba nimezipokea salamu za watatu, nikaandika thelathini na nane. Inayoishia na moja, ndani ya alama nne za thelathini na nane, ni namba moja tu. Arobaini na moja.

Nilimgeukia Ndugu Mikaeli nikamwambia kibali kitoke sasa hivi. Yeye alikuwa ameshaandika Mitoloni ishirini na nane, Namkuku thelathini na moja, kwa hati nzuri, kwa sababu taarifa ya juma ilikuwa imekwenda juu jana ikisema hali ni shwari. Akaniuliza ile tatu nimeitoa wapi.

"Kwenye salamu," nikasema.

"Salamu si takwimu, Ndugu Zuhura."

Akasema hata hivyo suala hilo ni zito na atalipeleka kwenye kamati, akatoka kwenda kuwatafuta wajumbe. Nilizisikiliza hatua zake mpaka zikaisha kwenye ukumbi. Kumtangazia mtu kibali ambacho hakijatiwa sahihi ilikuwa kazi kwenda, na pengine mimi mwenyewe kwenda ndani.

Nikabonyeza. "Namkuku, Namkuku. Zeferino, kibali kimetoka. Pandeni."

Nilirudia mara nane. Sikujua kama nazungumza na mtu au na maji.

Kamati ilikaa mpaka jioni, ikaazimia kutuma ujumbe wa kuchunguza hali, barabara ikifunguka. Mimi niliambiwa nisubiri barua yangu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Kesho yake asubuhi tulikuwa wote chumbani, mimi kwenye redio, Ndugu Mikaeli kwenye chati yake, redio ilipokohoa. Alikuwa Zeferino. Alikuwa amebeba betri kichwani hadi kilimani, alinieleza baadaye, na alijua zimebaki na pumzi moja. Hakusalimu wala kutaja jina la kijiji.

"Mia moja na nne," alisema, polepole, namba nzima. "Mama Zuhura, mia moja na nne."

Kisha akakatika.

Ndugu Mikaeli alikasirika kwamba tarakimu zote zimetajwa kinyume cha waraka. Halafu, kwa kuwa yeye ni mtu wa kumbukumbu, alichomoa kalamu, akaandika kwenye daftari, mbele ya Namkuku: kina cha maji, alama mia moja na nne. Nguzo ina alama sitini. Ningeweza kumwambia, lakini nilikuwa nimejifunika uso kwa kanga, nalia.