Kundi la Kusalimiwa

Nilikuwa nafundisha sekondari namna ya kufanya jaribio la saikolojia. Tukaligawa darasa: kwa wiki nzima, nusu wasalimiwe na wenzao kila asubuhi, nusu wapitwe kama viti. Ijumaa nikawauliza waliopitwa walijisikiaje. Wakalalamika weee, mmoja akadai amekonda.

Binti wa dirishani akasema kwa upole, "Mimi sikuona tofauti, Mwalimu. Nimezoea."

"Andikeni," nikaliambia darasa. "Hata hayo ni matokeo."

Kiranja akaniinamia sikioni. "Mwalimu, huyu alikuwa kundi la kusalimiwa."

Kila mmoja alidhani mwenzake kamsalimia. Nilitaka kuwaka, ila hata mimi sikuwa nimemsalimia.

Binti akasimama, akaniomba radhi kwa kuharibu jaribio.