Lori Lililokutwa na Joto

Kibondo yote walijua kwamba Mzee Makarius ana masikio yasiyo ya kawaida. Mwenyewe alisimulia kwamba zamani, kabla hajastaafu ufundi wa magari makubwa, alikuwa amelala kitandani kwake akasikia lori likikohoa kwenye mlima wa Nyakanazi. Akamgusa mkewe, akamwambia nozeli ya tatu ya kunyunyizia dizeli imekufa, kisha akageukia ukutani akaendelea na usingizi. Kulipokucha lori likaletwa likiburutwa, likafunguliwa, na nozeli ya tatu ikakutwa imekufa kama alivyosema. Nyakanazi kwenyewe ni mbali kiasi kwamba hata radi ya huko hufika Kibondo imechoka. Hakuna aliyeisadiki hadithi hiyo, lakini pia hakuna aliyenunua gari bila kumchukua Makarius.

Ndiyo maana Esteri Ininahazwe alimwendea yeye.

Esteri alikuwa mfanyabiashara wa maharage wa Kitahana, jirani na Kibondo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa na sufuria na Biblia. Yeye akazaliwa upande huu, akasomea huku, akaolewa huku, akafiwa na mume huku. Kila msimu aliwategemea wenye malori, nao walimjia walipotaka. Maharage yalikaa barazani yakiwangoja mpaka yakaingia wadudu. Safari hii aliamua yatosha. Aliuza msitu wa mikaratusi aliouacha marehemu mumewe, ule aliokuwa akiutunza kama mzee anavyotunza meno yaliyobaki, ili anunue lori lake mwenyewe. Mti ukishakatwa umekatwa. Akikosea lori, hakuna msitu mwingine.

"Baba," alimwambia Makarius, "mimi najua maharage tu. Injini utaniangalilia wewe."

Makarius akampa somo, tena bure. Injini hukaguliwa asubuhi, ikiwa baridi kama chura. Hapo ndipo inaposema kweli: utaona inavyowaka kwa shida au kwa wepesi, utaona moshi wake wa kwanza ni wa rangi gani, utafungua kifuniko cha rejeta uchungulie maji kama yana mafuta. Ukiikuta imeshapashwa moto, geuza miguu urudi kesho. "Mgonjwa akishakunywa dawa," alisema, "utaijuaje homa yake?"

Kwa hiyo Esteri akampigia simu mwenye lori, Benedicto wa Rungwe Mpya kule Kasulu, akamwomba asiliwashe mpaka wafike. Benedicto akajibu kwamba hakuna shida.

Walifika jua likiwa limeshapanda. Mke wa Benedicto, Josephina, aliwapokea kwa heshima za Kiha, akiinama na kupiga makofi ya taratibu. Mwakeye, mwakeye, nyumbani wazima, mvua imefika, watoto hawajambo. Salamu za namna hiyo hazikatizwi. Kabla hazijaisha, viti vilikuwa vimeshapangwa uani, na katikati yake kukawekwa chungu cha pombe ya mtama chenye mirija.

Lori walikuwa hawajaliona. Lilikuwa nyuma ya nyumba, na Makarius alitaka kuanzia huko. Lakini mgeni anayeruka chungu cha mwenyeji akaenda kupekua mali yake ana tofauti gani na anayefunua masufuria jikoni kwa watu? Tena kuna jambo lililo zito zaidi, ambalo kila aliyekulia nyanda zile analijua bila kufundishwa: mkishavuta mrija kwenye chungu kimoja, humwiti mwenzako mwongo mkiwa uani kwake. Maneno makali utayasemea njiani. Makarius akaketi, akavuta.

Majirani nao wakasogea. Benedicto, mtu mpole mwenye sauti ya katekista, akasema amesikia habari za Nyakanazi, lakini angependa kuisikia hadithi kutoka kwa mwenyewe. Nani angekataa? Makarius akaisimulia, na siku hiyo akaongeza kwamba aliisikia hata njaa ya dereva. Watu wakacheka mpaka mmoja akatema pombe yake. Akawapa na ile ya lori lililobaki na gia ya kurudi nyuma peke yake, akaliendesha kinyumenyume kutoka Buhigwe hadi Kasulu, na mbuzi waliokuwamo wakashuka wakitembea kisogosogo. Esteri alicheka pia, akijifunika mdomo kwa upindo wa kitenge. Alikuwa na furaha. Alikuwa na baba.

Hatimaye wakaenda nyuma ya nyumba.

Lori lilikuwa limeoshwa, linang'aa. Benedicto akainua kabini ili injini ionekane, na Makarius akaweka kiganja juu ya rejeta.

Ilikuwa ya moto.

Halikuwa joto la jua. Joto la jua hukaa juu ya bati. Hili lilitoka ndani, joto la mtu aliyetoka kukimbia. Akauvuta mkono haraka, akajifuta kwenye suruali. Kifuniko cha rejeta hakukifungua, maana kukifungua kikiwa cha moto vile ni kutaka kuunguzwa uso. Akavuta kipimo cha oili: oili mpya, ya njano kama asali, ya lori lililobadilishiwa juzi au jana. Akasema liwashwe. Likawaka mara moja, likaunguruma kwa adabu, na moshi wa ekzosi ukatoka mwepesi usio na rangi. Kila kitu kilikuwa kizuri, kama mtoto aliyeogeshwa kwa ajili ya wageni.

Neno lilikuwepo kwenye ulimi wake, tena fupi: limewashwa leo, tulale hapa tuliangalie kesho. Halikutoka. Povu la mtama lilikuwa bado kwenye sharubu zake. Kulisema ni kumwambia Benedicto mbele ya mkewe na majirani kwamba alidanganya kwenye simu. Na lilikuwepo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Wale majirani walikuwa wamewafuata, wamesimama wakingoja kuona masikio yakifanya kazi. Mtu anayesikia nozeli ya Nyakanazi akiwa kitandani, atasemaje kwamba lori lililo mbele ya pua yake hawezi kulisikia mpaka kesho?

Esteri akauliza, "Baba, unasemaje?"

Makarius akainama, akatega sikio, akafumba macho muda wa kutosha kuwaridhisha watazamaji.

"Inapumua vizuri," akasema.

Esteri akampa Benedicto mkono.

Walirudi Kibondo na lori tupu, likienda kama linateleza, na Makarius akajiambia kwamba hofu yake ilikuwa mtama tu. Lakini Esteri alipolipakia maharage kwa mara ya kwanza kuelekea Kasulu, lilivuka daraja la Malagarasi, likashika mlima, na katikati ya mlima likachemka. Mvuke ukatoka kila mahali, injini ikagonga, ikanyamaza. Mafundi walipofungua walikuta hedi, kichwa cha injini, ina ufa wa zamani uliozibwa kwa gundi, na sasa joto limeipasua kabisa na kuharibu hata bloku, kiwiliwili chake. Hili halitengenezwi, walisema. Labda apate injini nyingine. Wakaliburuta mpaka Kitahana, likaegeshwa kando ya nyumba, pale zamani ulipoanzia msitu.

Makarius alikwenda Rungwe Mpya peke yake. Benedicto hakujificha. Alileta kiti, Makarius akakataa kuketi. Safari hii hakukuwa na chungu, kwa hiyo maneno yalitoka yote, na Benedicto akayapokea kichwa kimeinama hadi mwisho.

"Ni kweli, nililiwasha alfajiri, nikalizima niliposikia mnakuja," akasema. "Likiwashwa likiwa baridi hutoa moshi mweupe. Ila mzee, nilikuona ukishika rejeta. Nikasema moyoni, sasa ataniuliza. Mtu hatangazi kilema cha ng'ombe wake sokoni. Anaulizwa, anajibu."

"Ningekuuliza, ungejibu?"

Benedicto akakisogeza kile kiti kando. "Sijui," akasema. "Lakini hukuuliza."

Makarius akarudi Kibondo, na watu wakashangaa, maana kijiweni aliombwa hadithi akasema koo linamuuma.

Siku ya mnada wa Kitahana alimkuta Esteri akipakia magunia kwenye lori la mtu mwingine. Esteri alimsalimu kwa heshima ileile, akamuulizia mama watoto, akamuulizia mguu wake unaomsumbua. Afadhali angemtukana. Makarius alikuwa amejiandaa tangu nyumbani. Alikuwa na maelezo marefu ya ufa usioweza kuonwa na mtu aliyezaliwa na mwanamke. Hakuyaanza.

"Lilikuwa la moto, Esteri. Siku ile."

"Najua, baba. Nilikuona ukivuta mkono."

"Uliona?"

"Niliona. Nikasema, angekuwa na neno angesema." Alikaza gunia kwa goti. "Na mimi ningekuulizaje mbele za watu, kama una hakika? Wewe ni mzee wangu."

Dereva alipiga honi akitaka waharakishe. Esteri alirusha kamba juu ya mzigo, ikaangukia upande wa pili.

"Nishikie hiyo, baba," akasema.

Makarius akazunguka lori, akaiokota kamba, akaikaza kwa mikono miwili, akangoja aambiwe lini aiachie.