Kijistari Katika Giza la Ubongo

Mtafiti mmoja alikuwa na kazi ambayo baba yake alizoea kuwaeleza majirani kwa kifupi: "Binti yangu anamulika panya kichwani, halafu anasikiliza." Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini mzee hakuwa amekosea.

Katika chumba chenye mapazia mazito, panya alilala kwa dawa ya usingizi, utosi umepakwa jeli. Damu yake ilikuwa imetiwa chembe za dhahabu ndogo ajabu, hata darubini ya kawaida haizioni. Mwanga wa leza ulipozipiga, zilipata joto kidogo, zikatanuka, zikatoa sauti. Sikio la mtu haliisikii; vinasa sauti vilivyozunguka kichwa viliidaka, na kompyuta ikachora mishipa sauti hiyo ilikotoka.

Panya huyu alikuwa na kiharusi. Upande mmoja wa ubongo wake ulikuwa bubu: damu haikufika, dhahabu haikufika, sauti haikutoka, na kwenye picha palikuwa giza. Asubuhi ile mtafiti akaona kijistari chembamba kikipenya katika giza hilo.

Akamwita mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Polepole kwa jinsi asivyokubali jambo upesi.

"Kelele za mashine hizo," akasema Polepole.

"Huenda. Ila mbona kimekaa kama mshipa?"

"Macho huona yanachokitamani. Mgeuze panya. Kama ni mashine, mstari hautasogea."

Akamgeuza. Kijistari kikageuka naye. Akazima leza, kikatoweka. Polepole akavuta kiti, akaketi.

"Rudia juma lijalo," akasema.

Juma lililofuata kijistari kilikuwa kimerefuka, kimechipua na tawi.

Mtafiti alikusudia kufunga mdomo nyumbani. Baba yake naye alikuwa ameugua kiharusi, mkono wa kulia haukumtii tena, na hakutaka kumpa tumaini la bure. Lakini mzee alimsoma usoni.

"Umeniwekea chumvi kwenye chai, mwanangu. Nimekunywa nusu nikikusubiri useme. Kuna nini?"

Ikabidi aseme. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe panya anaota mshipa mpya. Na mimi je?"

"Sijui, Baba. Fuvu la mtu ni nene, linameza mwanga na kuvuruga sauti. Tena hatujajua chembe zile hukaa mwilini muda gani. Siwezi kukuchoma sindano ya kitu nisichokijua mwisho wake."

"Nani kakuomba unichome? Nataka kuona tu."

Mtafiti alijiona mjinga kidogo, na moyo ukamtulia. Kwa ruhusa ya Polepole, kesho yake akamleta mzee maabara, akamketisha mbele ya kioo cha kompyuta. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mbona hapa kimejipinda? Si kingepita tu moja kwa moja?"

Mtafiti akamtazama Polepole. Polepole akakuna kidevu.

"Labda kuna kovu," akasema.

"Au kuna seli hai zinazokiita upande ule," akasema mtafiti.

"Kwa hiyo hamjui," akasema mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi.

"Hatujui, Baba."

Wakabaki hapo, vichwa vitatu kwenye kioo kimoja, wakibishana hadi njaa ikawauma. Hawakupatana kwa lolote, isipokuwa kwamba kipimo kijacho kianzie pale kijistari kilipojipinda.